Saa Iliyosimama na Saa Inayotembea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimepewa kazi. Vyote viwili vimeingia bila hodi.

Mwalimu wa kompyuta alinikuta chumba cha kompyuta wakati wa mapumziko. Shule nzima tunamwita Mwalimu Nukta, maana kwake yeye kila kosa letu chanzo chake ni nukta iliyosahaulika. Mimi hukaa mle si kwa bidii, niseme ukweli, ila kwa sababu kompyuta haikuulizi mbona umenyamaza. Akasema muhula uliopita karatasi za mbio zililowa mpaka Kocha akawa anabahatisha nani kamshinda nani. Safari hii anataka hifadhidata: kila mkimbiaji na mstari wake, saa aliyoondoka na saa aliyofika.

"Utaweza?"

Nikatikisa kichwa.

"Hiyo ni ndiyo, au unafukuza nzi?"

Nikasema ndiyo. Nadhani alisikia, maana aliniruhusu kurudi nyumbani na kompyuta ya mpakato ya shule.

Nyumbani nilimwambia Dada kabla sijavua viatu. Yeye ndiye mkimbiaji kwetu. Mwisho wa muhula wasichana watatu wenye muda bora, kutoka shule zote za jirani, watachukuliwa shule ya michezo. Dada ana mwaka huu tu. Mwakani umri utakuwa umempita. Akanishika shavu akasema, "Haya Kimya," ndilo jina alilonipa tangu zamani, "maisha yangu sasa yako kwenye kidole chako." Alikuwa anatania. Moyo wangu haukujua kama ni utani.

Jumatano, 6 Machi

Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na kompyuta inajua moja tu, ile ya vitabuni. Nimejiwekea sharti: kila ninachojifunza, humu nikieleze kwa Kiswahili. Kwa ile nyingine naweza kukariri nikajidanganya kwamba nimeelewa. Kwa Kiswahili, uongo wangu naufahamu.

Leo: muamala. Ni kazi nyingi zilizofungwa furushi moja. Nilimtazama Mama akishona gauni la mteja nikaona ni kitu kilekile. Anashikiza vipande kwa pini kwanza. Akiridhika, anashona, basi, kimeshonwa. Asiporidhika, anachomoa pini zote na kitambaa kinarudi kama kilivyokuwa, wala hutajua kiliwahi kuguswa.

"Kumbe Mama na wewe unafanya miamala."

"Mimi nafanya gauni. Nipishe mwanga."

Mpango wangu: filimbi ikilia nabonyeza, muamala unafunguka. Kila anayefika namwandika namba yake. Akishafika wa mwisho, naufunga, na mbio zinakuwa zimeshonwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimeandika, nimefuta, nimeandika.

Jumamosi, 9 Machi

Ningekuwa na shimo ningeingia.

Mbio za kwanza za mazoezi, kilomita nne, kuzunguka uwanja, kutoka kwa lango la nyuma, kufuata mtaro na kurudi. Meza yangu iliwekwa kwenye varanda, kebo ya mtandao ikapitishwa dirishani kutoka ofisini. Kocha alipiga filimbi, nikabonyeza. Walipoanza kurudi, matope mpaka kwenye nyusi, nikawa nabonyeza namba zao kwa furaha. Hakuna aliyenipita! Nikafunga muamala. Kocha akaja kusoma matokeo kwa sauti mbele ya watu wote, na Kocha sauti yake haihitaji spika.

"Wa kwanza! Ameondoka saa tatu na dakika kumi. Amefika..." Akaisogelea kompyuta. "Saa tatu na dakika kumi." Akashuka chini. "Wa pili, saa tatu na dakika kumi. Wa mwisho, yule pale bado anatapika, naye saa tatu na dakika kumi." Akanigeukia. "Binti, hawa mbona hawajanyanyua hata kiatu?"

Uwanja mzima ukacheka. Mimi nikawa naangalia kitufe kimoja tu kana kwamba kitanifungulia mlango. Dada ndiye aliyeniokoa, anahema, mikono kiunoni: "Mimi nimeipenda. Kilomita nne kwa sifuri! Nani mwingine duniani ana muda kama wangu?"

Mwalimu Nukta hakucheka. Alivuta kiti.

"Kompyuta haijakosea. Wewe uliiuliza 'sasa ni saa ngapi' ukiwa wapi?"

"Ndani ya muamala."

"Na muamala ulianza lini?"

"Filimbi ilipolia."

"Basi kwake yeye, 'sasa' ni pale."

Halafu akaondoka zake, akaniacha na hiyo kama mfupa. Nimeutafuna njia nzima kurudi nyumbani, mvua ikinipiga, na nikiwa nauruka mtaro wa mwisho nikauvunja ule mfupa. Muamala ni chumba, na saa ya ukutani inasimama unapofunga mlango! Ukae humo dakika au ukae mchana kutwa, ukiuliza sasa ni saa ngapi utaambiwa saa uliyoingilia. Tena si ubovu, wamekusudia. Vitu vya furushi moja vibebe saa moja, kana kwamba vyote vimetendeka kwa pigo moja.

Aibu bado ninayo. Lakini imechanganyika na kitu kingine, kama mtu aliyeanguka hadharani akaokota kitu kinachong'aa palepale.

Jumapili, 10 Machi

IPO SAA NYINGINE. Ina jina refu na haisimami mlango ukifungwa. Ukiiuliza mara mbili inakujibu mara mbili tofauti. Niliruka kitandani mpaka Mama akaja. "Umeona nyoka?" Hapana, Mama, nimeona saa. Akaninyooshea kidole cha onyo, akarudi kwenye cherehani yake.

Nimeondoa saa iliyosimama nikaweka inayotembea. Kila mahali, kama mtu anayefukuza mende. Nimebakisha safu moja tu mwishoni ambayo hifadhidata inaijaza yenyewe, ya "mstari huu uliandikwa lini". Hiyo haisomwi na mtu.

Jumanne, 12 Machi

Dada kakimbia kwenye mvua. Mimi nimemshikia taulo.

Jumamosi, 16 Machi

Muda umekuja sawasawa! Kocha aliposoma "dakika kumi na nane" alitazama saa yake ya mkononi, akatazama kompyuta, akaguna. Guno la Kocha ni sawa na shairi la mtu mwingine.

Ila kuna lingine. Kila kundi lina jina lake, na mimi jina la kundi naliweka kwenye kigeu, yaani kijisanduku chenye lebo: unatia kitu ndani, baadaye unaita lebo. Walianza wavulana wakubwa. Wakaja wasichana wadogo, wale wa kufika kiunoni. Matokeo yalipobandikwa ukutani, mtoto mmoja wa miaka kumi akasoma jina lake kwa utulivu kabisa, kisha akaenda kwa Kocha.

"Mwalimu, mimi ni mvulana mkubwa?"

"Nani kasema?"

"Ukuta."

Nimecheka mpaka nikasahau kuona haya. Kigeu changu nilikiweka kiishi muda wote kompyuta inapokuwa imeshikana na hifadhidata, kwa hiyo niliposahau kutia jina jipya, la kundi la kwanza likabaki sandukuni likisubiri wa pili. Nimekiweka sasa kiishi ndani ya muamala tu. Muamala ukifungwa, sanduku linaondoka na kilichomo. Mgeni akitoka chumbani, anatoka na shati lake, haliachi ukutani likavaliwa na mwingine.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Kocha kanisalimia kwa jina la Bibi Saa. Nikaitikia kwa sauti. Mwenyewe nilijishangaa.

Jumamosi, 23 Machi

Shule nyingine zimekuja kufanya mazoezi kwetu. Kuna msichana anayevaa soksi nyekundu, moja ndefu, moja fupi, anakimbia kama anayedaiwa na upepo. Dada anamtazama kwa jicho la pembeni na mimi nimeamua kumchukia, kwa ajili ya familia.

Baada ya mbio alikuja mezani kwangu. Maneno yakatoka nusu, mengine akayameza: "Samahani... nimepata ngapi?" Nikamwambia. Akatabasamu kwenye viatu vyake, si kwangu, akaondoka.

Imekuwa vigumu kumchukia mtu anayeongea kama mimi.

Alhamisi, 28 Machi

Kesho kutwa mchujo. Dada hali. Mama amemwambia, "Mwanangu, tumbo tupu halina mguu." Akala vijiko vitatu, akanipa vilivyobaki.

Jumamosi, 30 Machi

TATU! DADA WA TATU!

Siwezi kuandika kwa mstari ulionyooka.

Mvua ilinyesha toka alfajiri. Njia ya mtaroni ilikuwa imeliwa na maji, imebaki nyembamba, kwa hiyo Kocha na wakuu wa mchujo wakagawa wasichana makundi mawili na kusema washindi watapatikana kwa muda. Kwa muda! Yaani kwa meza yangu! Soksi Nyekundu alikuwa kundi la kwanza, mwanzoni kabisa mwa orodha. Dada kundi la pili, wa mwisho kabisa, maana alikuwa bado anafunga kamba za viatu wenzake wakijiandikisha. Wakimbiaji wengi kuliko siku zote. Mtandao ulikuwa unajikongoja, kama kila mvua inapolowesha ile kebo ya dirishani, lakini haukukatika.

Kundi la pili lilipokaribia, Dada alitokea langoni na uso umejaa matope, meno tu ndiyo meupe. Nikabonyeza. Nikafunga muamala. Nikapanga kwa muda. Nikasoma mara tatu kabla ya kumwita Kocha, na Kocha akasoma kwa ile sauti yake: wa tatu, Dada, sekunde moja mbele ya Soksi Nyekundu.

Dada akaninyanyua juu na matope yake yote. Mama amekuja mbio na futi ya kushonea bado ipo shingoni. Majina yatapelekwa rasmi Ijumaa. Leo nimepiga kelele mbele za watu. Kidogo. Lakini zilikuwa kelele.

Jumapili, 31 Machi

Nimefungua matokeo kwa raha tu, kama mtu anayerudia kuangalia picha. Nikaangalia safu ya kuondoka.

Hawakuondoka pamoja.

Filimbi ilikuwa moja. Lakini mimi baada ya filimbi naandika mstari wa kila mkimbiaji, mmoja baada ya mwingine, na kila mstari unaiuliza saa inayotembea. Siku za watu wachache mtandao ukiwa mzima, tofauti haionekani kwa jicho. Jana watu walikuwa wengi na mtandao unatambaa. Wa mwanzo wa orodha wameandikiwa kuondoka filimbi ilipolia. Wa mwisho wa orodha ameandikiwa sekunde tatu baadaye, wakati miguu yake ilikuwa imeshakimbia sekunde hizo tatu zote. Na wa mwisho wa orodha ni Dada.

Nikaenda kwenye ile safu isiyosomwa na mtu, niliyoisahau na saa yake iliyosimama. Kundi zima lina saa moja, ileile, saa ya filimbi. Saa niliyoitukana ndiyo iliyosema kweli. Kuondoka kunataka saa iliyosimama, maana wote huondoka mara moja. Kufika kunataka inayotembea, maana kila mtu hufika kivyake. Nilitakiwa kuwa nazo zote mbili.

Nimepiga hesabu upya. Soksi Nyekundu wa tatu. Dada wa nne.

Nimefunga kompyuta. Nimeifungua tena. Bado wa nne.

Jumatatu, 1 Aprili

Sijasema.

Jumanne, 2 Aprili

Dada alikuwa anasugua viatu vyake kwa mswaki mkuukuu nyuma ya nyumba, anaimba. Nikamwambia. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora kwenye matope kwa kijiti: filimbi hapa, wewe hapa.

Akaacha kusugua.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi."

"Na sasa mimi." Akatazama kiatu. "Sekunde tatu, Kimya. Mtu akipiga chafya zimekwisha."

"Ndiyo."

"Hukukusudia."

"Hapana."

"Basi usiseme." Alisema polepole, wala si kwa ukali, ndiyo maana iliniuma. "Wewe hata dukani huwezi kuomba chenji yako. Miaka yote hii umenyamaza, leo ndiyo unataka kuanza kuongea, kwa hili?"

Aliingia ndani akaacha viatu nje, kimoja kisafi, kimoja na matope. Nimeviingiza mimi, mvua ilikuwa inakuja.

Jumatano, 3 Aprili

Dada hasemi nami. Mama anatutazama kwa zamu. "Nyumba hii ina watoto wawili au ina milango miwili?"

Nimemfikiria yule msichana akitabasamu kwenye viatu vyake. Mtu kama huyo hatakuja kuuliza mara ya pili. Mimi nisingeuliza. Angeenda nyumbani akaamini kwamba hakutosha.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimeamka na uamuzi.

Saa ya mapumziko nilikwenda ofisi ya Kocha. Njiani nilijifunza sentensi moja: Mwalimu, matokeo yana kosa na kosa ni langu. Niliisema kwa kila nguzo ya varanda. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mtu anaongea kwa haraka.

Alikuwa Dada.

"...mimi nakwambia, saa ilikuwa imelala! Hapana, haikulala, ilikuwa inatembea, na ilitakiwa ilale!"

"Wewe una homa?" Kocha aliuliza. "Kaa chini."

Dada akageuka akaniona, macho mekundu. "Haya, huyu hapa mwenye saa zake. Njoo ueleze, Kimya. Mimi nimejaribu, anataka kunipa dawa."

Nikaeleza. Mbele ya Kocha, mimi, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Ile sentensi yangu haikuhitajika hata. Nilianza na filimbi nikaenda moja kwa moja. Sikuangalia kitufe, maana hapakuwa na kitufe. Nilimwangalia Kocha, na nimegundua ana macho ya mtu mpole ambaye amepewa sauti kwa makosa.

Akaita Mwalimu Nukta. Mwalimu Nukta akaipitia safu ya mwisho kwa kidole. "Amesema kweli," akasema. Kisha, kwangu: "Na safari hii si nukta."

Kocha akajikuna kidevu. Tofauti mpya kati ya wa tatu na wa nne ni sekunde mbili, na matope yalikuwa mabaya zaidi kwa kundi la pili. Akapiga simu mbili, akafoka kidogo kwenye ya pili, akaweka simu chini. "Jumamosi. Hao wawili. Majina yatasubiri mpaka hapo. Njia ileile, mguu kwa mguu. Atakayetangulia ndiye. Sitaki hesabu ya mtu." Akanitazama. "Ila meza yako uilete, Bibi Saa. Wakuu wanataka iandikwe."

Tulipotoka Dada alinisukuma kwa bega. "Nilitaka niwahi kabla yako. Nikasema, yule kobe akienda kwa Kocha na mimi nimekaa, nitaishije naye chumba kimoja?"

Ijumaa, 5 Aprili

Nimerekebisha. Kuondoka, saa iliyosimama. Kufika, inayotembea. Nimejaribu mara nyingi mpaka Mama akasema sauti ya kubonyeza inashindana na cherehani yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika haraka kabla sijasahau chochote, na kompyuta ipo hapa pembeni, bado inawaka. Nitaeleza kwa nini.

Walikuja watu wengi kuliko siku ya mchujo. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya kulowesha kwa subira. Soksi Nyekundu alisimama mstarini na Dada akasimama kando yake, na nikamwona Dada anamwambia kitu, na msichana yule akacheka akiziba mdomo. Baadaye Dada aliniambia: "Nilimwuliza soksi fupi ni ya kasi au ndefu ni ya breki."

Kigeu cha kundi nilikipa neno moja: Wawili. Filimbi. Nikabonyeza. Muamala ukafunguka, na wote wawili wakapata saa moja, ileile, mpaka sehemu ya mwisho ya sekunde. Nilitaka kumwonyesha mtu. Nilikuwa na fahari mpaka masikio yakawa ya moto.

Wakapotea langoni. Hakuna kilichosikika ila mvua na Kocha akitembea kwenye changarawe. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, anazungusha pini mkononi.

Wakatokea pamoja. Pamoja! Soksi moja nyekundu imeshuka mpaka kwenye kifundo, Dada upande wa mtaro, viwiko vinakaribia kugongana. Uwanja ukainuka. Na mimi nikainuka. Kiti kikaanguka, sikukiokota. Nilikuwa napiga kelele, "Dada! Dada! Njoo! Njoo Dada!" kwa sauti ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote hii, na watu wa mbele wakageuka kutazama ni nani. Kidole changu kilikuwa hewani, na mkono, na mimi mzima. Mita ishirini za mwisho sijui kama nilipumua.

Soksi Nyekundu alipita kwanza. Kwa bega. Kila mtu aliona, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Dada alienda mpaka ukutani akauegemea. Kisha akarudi, akamkumbatia yule msichana, na nikaona yule msichana ndiye analia, Dada ndiye anampapasa mgongo. Ndipo akaja kwangu, anavuta miguu, akainama mezani, matope yakadondoka kwenye vitufe.

"Haya, Kimya. Umeniandikia ngapi?"

Nikatazama kompyuta. Saa ya kuondoka ilikuwa pale, nzuri, moja. Safu ya kufika ilikuwa tupu. Kwa wote wawili.

"Sijabonyeza," nikasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nilikuwa napiga kelele."

"Wewe?"

"Mimi. Na muamala sijaufunga. Bado uko wazi."

Alinitazama. Mdomo wake ukatetemeka, nikadhani sasa ndiyo analia, kumbe ni kicheko kilikuwa kinatafuta njia. Alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu ya varanda, na Mama akacheka, na mimi.

"Kwa hiyo kwa mashine yako," akasema akijifuta macho kwa mkono wenye matope, "mimi sijafika."

"Hujafika."

"Basi bado nakimbia."

Mwalimu Nukta alisema niandike saa zao kutoka kwa Kocha kisha nifunge, au niufute wote. Nilimwomba mpaka Jumatatu. Alinyanyua nyusi, lakini hakukataa, akaniachia na kebo yenyewe, ofisi ikiwa wazi kwa ajili ya usafi. Kwa hiyo niko hapa varandani, uwanja umebaki na watu wachache, na huko nje, kwa hiari yake, Dada anazunguka tena, peku, polepole, anarusha maji kama mtoto.

Kompyuta imetoa mlio. Betri imebaki kidogo, na ikizimika, furushi lote litafunguka na kutawanyika, kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Naenda kutafuta chaja.